Kinga Iliyokazwa Mno

Walukuba, Jinja
14 Januari 2024

Dada Zahara,

Asalaam alaikum. Najua utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Juzi nilipokupigia nilikuuliza hali mara mbili, kisha nikasema mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya. Nilisikia sauti yangu inarudi, nikajua uko kwenye spika na mama mkwe wako, Mama Nangila, yupo hapo anasikiliza, maneno yakanikwama. Unanijua. Mwalimu aliwahi kuniambia kwamba nikinyamaza hivi, hata siku ya kuolewa atajibu mtu mwingine.

Sasa nimemaliza kidato cha sita, nangoja matokeo, na nyumbani sina kazi ila kumsaidia Mama kusuka mikeka. Ibra jirani yetu anapeleka sabuni Mbale kwa lori kila wiki. Amekubali kupitisha barua pale unapouza sumbusa, mbele ya geti la kiwanda. Anasema malipo yake ni sumbusa.

Kuna neno sikulisema. Ulipompoteza yule wa tatu, ambaye alikuwa amekwisha kuwa na blanketi, nilikuja kwako. Nikaosha vyombo, nikafagia, nikarudi Jinja. Pole ilikuwa mdomoni mwangu muda wote ule na haikutoka. Pole, dada. Na kwa wale wawili wa kwanza pia, ambao hawakufika kwenye blanketi.

Mama anasema una habari ya mtoto tena, na kwamba hospitali wamekutoa damu kuipima. Nikiuliza zaidi anaanza kukunja nguo ambazo zimekwisha kukunjwa. Wamesema nini?

Mdogo wako,
Mastula


Industrial Division, Mbale
22 Januari 2024

Mastula mdogo wangu,

Ibra alifunga barua yako pamoja na samaki wa Mama, kwa hiyo imenuka soko zima la samaki la Masese. Nimeisoma nikalia, sijui kwa pole yako au kwa harufu ya nyumbani.

Nitakuambia kila kitu, lakini Mama asijue kwanza. Daktari anaitwa Conrad, ni Mkenya. Lumasaba ya watu wa huku hajui, Kiganda hajui, basi mimi na yeye tunaongea Kiswahili, ila chake ni cha redio. Walinipima kabla sijashika mimba hii, wakanipima tena baada ya miezi mitatu. Akaniambia hivi: "Mama, vipimo vyote viwili vimekubaliana. Kwenye damu yako kuna kingamwili ambazo zinaharibu mimba."

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Kinga? Ya mwilini?"

Akasema, "Ndizo hizo. Kazi yake ni kukulinda, lakini hizi zimekugeukia. Zinagandisha damu pale mtoto anapopatia chakula."

Mastula, hapo hapo nikaelewa. Nani alinifunga kinga ya kunilinda kama si bibi yetu, Haboba? Unaikumbuka hirizi ya ngozi yenye uzi mwekundu, niliyovaa kiunoni nikiwa mdogo? Nilipokua aliivua, lakini hakuivunja. Aliilaza kwenye kopo lake la biskuti. Bado inafanya kazi, na sasa inafukuza watoto wangu. Niliona aibu kumweleza daktari mambo ya bibi yangu, nikaitikia tu.

Amenipa kidonge kidogo na sindano ya kila siku, najichoma mwenyewe tumboni. Tumbo lina alama za bluu kama ramani. Nazificha sindano kwenye ndoo ya unga. Mume wangu Zubairi nimemwambia ni dawa za kuongeza damu, na mama mkwe sijamwambia chochote. Siku hizi ameanza kunipakulia kwenye sahani yangu peke yangu, na kikombe changu peke yangu. Nadhani amechoka na mke wa mwanawe asiyezaa.

Nenda kwa Haboba. Muulize kinga ile inafunguliwaje, aifungue. Ikishafunguliwa nitaachana na hizi sindano, maana chanzo kitakuwa kimeondoka. Nakutegemea wewe, sina mwingine.

Dada yako,
Zahara


Walukuba, Jinja
29 Januari 2024

Dada Zahara,

Nimekwenda. Nilizunguka nyumba yake nikijifanya natafuta kuku, mpaka yeye mwenyewe akaniita. "Wewe Mastula, huyo kuku unayemtafuta ana jina?"

Nikaingia. Alikuwa anashona hirizi ya mtoto wa jirani, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwambia kwamba daktari wako amesema kinga ndiyo inayoharibu mimba zako.

"Daktari gani anayejua kinga yangu?"

"Mkenya, Haboba."

"Mkenya!" Akaweka sindano chini. "Ameiona wapi?"

"Kwenye damu."

Nilidhani atanifokea. Alivua miwani, dada, akaifuta kwa kanga yake. Kisha akasema taratibu, "Imeingia mpaka kwenye damu. Basi niliikaza mno."

Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kabla yako Mama alizaa mtoto wa kiume, homa ikamchukua akiwa bado ananyonya. Ulipozaliwa wewe Haboba aliogopa. Alisema, "Niliomba kitu chochote kisimwingie Zahara. Kitu chochote. Sikukumbuka kusema, isipokuwa mtoto."

Tukatoa kopo la biskuti. Hirizi yako bado ipo, ngozi imekuwa ngumu kama kokwa. Aliloweka majani ya mkunazi, akasoma, akakata uzi kwa wembe, akaiweka ngozi ndani ya maji. Nilipotaka kumsaidia akanisukuma. Uzi amenipa nikuletee, ujue kwa macho yako kwamba imefunguliwa. Upo ndani ya bahasha hii.

Nilipotoka, aliichukua ile hirizi ya mtoto wa jirani aliyokuwa anashona akaanza kuifumua.

Nina furaha, dada, lakini furaha yangu haijakaa sawa. Sijui kwa nini.

Mastula


Industrial Division, Mbale
5 Februari 2024

Mdogo wangu,

Uzi nimeupokea. Niliushika nikahisi tumbo limekuwa jepesi, wallahi. Siku hiyo hiyo nikaacha sindano, na kidonge pia. Daktari alisema nisiruke hata siku moja, lakini yeye hakujua kwamba mambo yangeweza kutatuliwa Walukuba. Alama za bluu zimeanza kufifia. Nalala vizuri.

Mwambie Haboba simlaumu. Alinipenda kupita kiasi, basi. Nitakuja kumbusu mikono nikishajifungua.

Nikuchekeshe kidogo. Siku ile kwa daktari aliingia mama mmoja mwenye mtoto wa chanjo, amekosea mlango. Daktari akaniambia, "Unaona? Huyu naye leo akichanjwa, mwili wake utatengeneza kingamwili za surua." Nikacheka moyoni. Kumbe serikali nayo inafunga watu kinga, tena bila uzi!

Mama mkwe bado na ile sahani yake. Jana ameosha kikombe changu kwa maji ya moto, mbele yangu.

Zahara


Walukuba, Jinja
9 Februari 2024

Dada, barua hii haitapanda lori. Lori linaondoka Jumatatu na hatuwezi kungoja Jumatatu. Naiandika ili niisome kwenye simu, maana bila karatasi nitakwama.

(Akipokea Mama Nangila: msalimie, muulize hali, kata.)

Dada Zahara, usinikatize. Kingamwili si hirizi. Uliposema chanjo ya surua ndipo nilipoelewa, na nimejipiga kichwa, kwa sababu nilizisoma darasani miaka miwili. Mwalimu wetu wa baiolojia aliziita antibodi. Hatukuwahi kuambiwa jina lake la Kiswahili, ndiyo maana lilinipita. Mwili wenyewe unazitengeneza ndani ya damu, wa kila mtu, hata wa mtu ambaye bibi yake hajui kushika sindano. Kazi yake ni kupigana na vijidudu. Zako zimekosea adui. Hakuna aliyekufunga. Hakuna wa kukufungua.

Nimekwenda kituo cha afya kumwuliza Sista Docus. Nilisimama mlangoni mpaka akafikiri nimekuja kuomba kazi. Amesema sindano haziondoi kingamwili. Zinazuia damu isigande kwenye kondo la nyuma, mtoto asikose chakula. Ukiacha, mtoto hana wa kumsimamia. Amesema urudi kwa daktari leo, si kesho, umwambie ukweli kwamba uliacha, na usijianzishie mwenyewe bila yeye kukupima. Ukitokwa damu au mguu ukivimba upande mmoja, usingoje hata leo iishe.

Dada, mimi ndiye niliyekuletea uzi. Tafadhali nenda leo.

(Pumua.)


Mbale
13 Februari 2024

Kwa Mastula,

Mimi ni Nangila, mama yake Zubairi. Usicheke Kiswahili yangu. Mzee wangu alikuwa askari wa magereza, mimi nilijifunza katika laini, zile nyumba za askari, na kule ilikuwa ya kutukana na ya kuomba chumvi. Hii ya barua naitafuta pole pole.

Ile simu nilishika mimi. Wewe ulisema asalaam alaikum, halafu ukasoma kama polisi anasoma mashitaka. Ukasoma mpaka pale palipoandikwa, "Akipokea Mama Nangila, msalimie, muulize hali, kata." Ukanisalimia. Ukaniuliza hali. Na haukukata! Ukaendelea mpaka "pumua," na kweli ukapumua, nikasikia. Mwanangu, nilicheka huku nikilia. Zahara alikuwa nje anaanika nguo. Nikatoka na simu mkononi nikamwambia, vaa viatu.

Sasa nikuambie na yangu. Zile sindano nilikuwa nimeziona zamani. Mwanamke gani anaficha kitu katika unga na mimi ndiye napika posho ya huo unga? Lakini mtu akificha dawa ya kila siku, sisi huku tunajua inaitwa nini. Nilifikiri ni ule ugonjwa. Nilimpeleka Zubairi kupimwa kwa siri, yeye anafikiri ni malaria. Wakasema mzima. Mimi nikazidi kuogopa, asije akaambukizwa. Nikamtengea binti yenu sahani na kikombe. Hata kama ingekuwa ule ugonjwa, sahani haiambukizi, mimi nalijua hilo, mke wa askari mzima. Woga hauna akili.

Kwa daktari tulikwenda wote watatu. Zubairi alitoka kazini na vumbi lake. Daktari alikasirika kidogo, halafu akaacha. Akauliza Zahara, "Ulielewa nini nilipokuambia kingamwili?" Zahara akamweleza habari ya uzi. Mkenya huyo akashika kichwa. Akasema kosa ni lake, alipaswa kuuliza siku ile. Wakaweka ile mashini juu ya tumbo. Moyo upo. Unakimbia kama mtu anakimbilia basi.

Amerudishiwa dawa zote, na sasa sindano namchoma mimi. Mkono wangu hautetemeki, nilichanja ng'ombe za baba yangu kule Bududa. Zahara anasema nisiseme habari ya ng'ombe wakati nachoma.

Ile sahani nimeirudisha pamoja na zingine.

Siku nyingine ukipiga, ongea na mimi kidogo. Sina meno ya kuuma.

Nangila


Walukuba, Jinja
17 Machi 2024

Dada Zahara,

Mama Nangila ameniandikia. Nilisoma ile sehemu ya "msalimie, kata" nikajifunika mto usoni. Ibra akauliza kama kuna msiba.

Matokeo yametoka. Baiolojia nimepata C. Mama anasema C inatosha kwa mtu aliyesahau antibodi.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya Haboba. Nilidhani nikimweleza kama nilivyokueleza wewe mambo yataisha. Nilikaa naye, nikamwambia si kinga yako, ni mwili wa Zahara wenyewe, hujamdhuru. Nikachora kwa kijiti mchangani, damu na kondo na mtoto. Alitazama vizuri. Akauliza, "Na hicho kinachomshambulia kinaitwaje kwa Kiswahili?" Nikasema kingamwili. Akasema, "Basi ni kinga. Mnaniambia si kinga na jina lake ni kinga." Akainuka akaenda kuchambua mchele ambao haukuwa na mawe.

Hashoni tena. Wanawake wanakuja na watoto wachanga, anawaambia macho hayaoni. Macho yanaona. Jana ameniambia nina doa kwenye gauni nikiwa bado njiani.

Nimefikiri sana kuhusu lile neno lake, kwamba aliomba kitu chochote kisikuingie. Mwili wako nao umefanya hivyo hivyo, umelinda bila kujua wa kumwacha apite. Siwezi kumwambia hivyo, ataumia zaidi. Lakini sioni kosa ndani yake, dada. Wala kwake, wala kwa damu yako.

Neno langu halimtoshi. Nadhani anangoja lako, au anangoja la mtoto.

Mastula


Mbale, hospitali
2 Agosti 2024

Mastula, na Haboba (Mastula akusomee),

Amezaliwa. Daktari hakutaka kungoja tarehe kamili, alisema tumefika mbali vya kutosha, tusijaribu bahati. Ni wa kike. Ni mdogo, lakini alilia kabla hajatoka mwili wote, Mama Nangila alisikia kutoka kwenye korido akaanza kumjibu. Zubairi amemshika kama anavyoshika chuma cha moto kiwandani, mikono mbali na mwili.

Haikuwa rahisi na siwezi kujifanya ilikuwa rahisi. Siku zile nilizoacha dawa nimeziwaza kila mwezi, kila nilipopanda kile kitanda cha kupimwa. Nilikuwa naogopa kufurahi. Blanketi sikununua mpaka alipokuwa amekwisha kufika. Sindano bado zinaendelea, daktari amesema wiki sita baada ya kuzaa damu bado inaweza kuganda. Mama Nangila akasema, "Yaani arubaini." Daktari akahesabu, akasema, "Karibu sawa, mama, ongeza siku mbili." Kwa mara ya kwanza walielewana bila mimi kuingia kati.

Haboba, nakuongelesha wewe sasa. Nilisema sikulaumu, lakini nilikuwa nimekulaumu. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu na ilinipunguzia uzito. Nisamehe. Nimemuuliza Daktari Conrad kama uzi kwenye mkono wa mtoto una madhara yoyote. Akaniuliza kwanza, safari hii, ninamaanisha uzi gani. Nikamweleza. Akasema hauna madhara, usikazwe tu, na uwe mkavu.

Ndani ya bahasha kuna uzi wako mwekundu, ule ulioukata. Niliutunza kwenye ndoo ya unga. Umshonee mwanangu kwa huo huo. Mkono wake ni mnene kama kidole gumba cha Mastula.

Zahara


Walukuba, Jinja
6 Agosti 2024

Dada,

Nimemsomea Haboba mpaka mwisho. Aliutoa uzi kwenye bahasha, akaukung'uta unga, akauinua kwenye mwanga. Akasema, "Huu mfupi." Akanivuta mkono, akauzungusha kwenye kidole changu gumba, akaufunga, akanitazama.

"Nimekaza mno?" akaniuliza.

Nikajaribu kukikunja kidole. Nikamwambia legeza kidogo.

Akalegeza.

Mastula